Mlango Chini ya Gari la Kaka

Kaka yangu aliingia Same Desemba moja na gari la dizeli jeusi, lililoinuka hata kulipanda ilibidi ujivute kwa mikono miwili. Vumbi la Same lilianza kulishughulikia kabla hajazima injini. Akashuka, akalizunguka, akapiga teke gurudumu la mbele, akafuta kioo kwa leso yake, ndipo akakumbuka kwamba kuna watu. "Vipi, mdogo wangu!" Nikamwambia shikamoo kaka, kwa sababu mama alikuwa anasikiliza dirishani. Ningekuwa peke yangu, wallahi nisingeitoa.

Mama alikuwa anakaa kwangu tangu alipoteleza shambani kwake Vudee, juu milimani, akavunjika nyonga. Mimi naishi mjini Same, nyuma ya kimgahawa changu, pua na mdomo na magereji ya barabara kuu. Nyonga ilipona. Alikuwa anatembea na fimbo, polepole, na jambo lake lilikuwa moja tu, asubuhi na jioni: anataka kurudi kwake. Bodaboda hawezi, na gari la kubebea kabichi linaruka kama mbuzi. Zaidi ya hayo alishaamua. "Nirudishwe na mwanangu wa kwanza, nikiwa natazama," alisema. "Maiti hakosi gari. Mtu akifa leo, kesho magari yamejaa mpaka kwenye migomba. Mimi nalitaka langu nikiwa hai." Ufunguo wa nyumba aliufunga kwenye pindo la kanga, akasema mlango ataufungua mwanawe kwa mkono wake, kisha wataingia wote ndani wakale makande. Nami nikasema haya, tusubiri Desemba.

Desemba ikafika, na mwana akafika. Nilishafunga unga, sukari na blanketi la mama, nikijua kesho yake tunapanda. Thubutu! Bwana mkubwa alikuwa na jambo lake kichwani.

"Barabara ya Vudee itanitoboa sampo," akasema.

Sampo ni lile bakuli la oili linaloning'inia chini ya injini. Alikuwa ameangalia video za watu wa nchi za mbali wanaovuka majangwa, magari yao yamevalishwa vyuma tumboni, na yeye sasa alitaka vyuma hivyo hivyo: bamba moja chini ya injini, lingine chini ya giaboksi, lingine chini ya tangi la dizeli. Nikamwambia kaka, lile gari la kabichi linapanda Vudee na kushuka kila siku, na chini halina kitu zaidi ya kutu.

"Lile si gari," akasema.

Sawa. Lile si gari. Linakwenda na kurudi, lakini si gari.

Akalipeleka gereji ya jirani yangu. Fundi alikuwa kijana mwenye maneno mengi, na hakuwa amewahi kufunga kitu kama hicho maishani mwake, lakini wewe umeona wapi fundi akasema hajui? "Hiyo ndogo, bosi," akasema, hata kabla kaka hajamaliza kueleza. Wakaelewana palepale, mmoja hajui anachotaka na mwingine hajui anachofanya. Vyuma wakavipata kwenye mlango wa zamani wa stoo ya mkonge, mlango mzito, mwekundu kwa rangi ya kuzuia kutu. Wakaukata vipande. Kipande kikubwa, cha chini ya injini, bado kilikuwa na bawaba moja.

Mama alipoonyeshwa, akakigonga kwa fimbo. "Mnalifungia gari mlango kwa chini," akasema. "Nani anaingia huko?"

Fundi alitaka kufunga kwa bolti, ili siku ya kubadilisha oili mtu afungue. Hilo hata mimi niliyekuwa napepeta mchele ng'ambo ya ua nililielewa. Kaka akakataa katakata. Akasema bolti zitafunguliwa huko juu, vyuma vipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. "Nawajua wale," akasema. Wale! Wale ni nani? Wale ni majirani waliombeba mgongoni akiwa na surua. Wale ni watu ambao mama anaacha jembe kando ya njia, anarudi siku inayofuata analikuta limeegemezwa vizuri kwenye ua wa mwenyewe. Nikamuuliza, kaka, huko juu uliibiwa nini, na lini? Akaniambia mimi sijui mambo ya magari. Kweli sijui, lakini nilichouliza kilikuwa mambo ya watu.

Basi vikachomelewa. Na si kuchomelewa tu, alitaka vibane juu kabisa, visining'inie, gari lisionekane limevaa kaptura. Fundi akabana mpaka kile chuma kikawa kimelala kwenye sampo kama mfuniko kwenye sufuria. Nafasi ya kidole haikuwepo. Cheche ziliruka siku nzima, na siku iliyofuata, na nyingine tena, maana mara umeme unakatika, mara vyuma vya kuchomelea vimekwisha, mara fundi ana msiba.

Siku zote hizo mama alikuwa anaamka, anaoga, anavaa kitenge chake cha kanisani, anakaa kwenye kiti mlangoni, mkoba mapajani. "Leo?" anauliza. "Fundi bado, mama." Anatikisa kichwa, anakaa hivyo hivyo mpaka jua linageuka, ndipo anakubali kubadilisha nguo. Niliumia mimi! Nilikuwa nakata vitunguu, machozi yananitoka, nashukuru vitunguu vipo. Kaka alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya gari lake, anapiga picha. Akazituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Shangazi zetu, ambao wanadhani sampo ni aina ya shampuu, wakajibu kwa viganja vya kupongeza.

Katikati ya hayo mwenyekiti wa kijiji akapiga simu. Ni mzee, mdogo kidogo tu kwa marehemu baba. Akasema Jumamosi kuna msaragambo, kama kila Desemba, watu wote wanatoka na majembe na sururu kutengeneza barabara kabla wageni wa mjini hawajapanda kwa Krismasi. Wageni wa mjini, nisikilize vizuri, ndiyo kaka yangu na wenzake. Mwenyekiti akaomba aje na jembe awasaidie, au kama amechoka na safari, asubiri mchana wakimaliza, apite pazuri na mama yake.

Kaka aliweka simu kwenye sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote. "Mzee, mimi tatizo langu la barabara nimeshalimaliza," akasema, na akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema karibuni.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Mama alikaa mbele, mimi nyuma na magunia. Nitasema ukweli, kile kipande cha tambarare kilikuwa kizuri. Ng'ombe wa Wamaasai walivuka barabara, kaka akasimama, mama akawapungia wachungaji mkono kama malkia. Tulipoanza kupanda, upepo ukabadilika, ukawa wa baridi, na mama akaanza kutaja: pale kwa fulani, pale tulipoangusha debe la maharage, ule mfereji alichimba baba yenu na wenzake. Alikuwa amefungua pindo la kanga na ameushika ufunguo mkononi. Kaka alikuwa anataja vyuma vyake. Kila jiwe dogo likigonga chini, "Umesikia? Hakuna kitu!"

Tukawakuta kwenye kona kali. Kijiji kizima kilikuwa barabarani, wanawake kwa ndoo za changarawe, wanaume kwa sururu. Katikati ya njia kulikuwa na lile jiwe ambalo kila anayepanda Vudee analijua, na siku hiyo walikuwa wameamua kuling'oa. Walishachimba udongo pande zote, kwa hiyo sasa lilikuwa limesimama wazi, refu kuliko lilivyowahi kuwa. Hata kipofu angeona.

Kaka akapiga honi.

Alipiga honi, jamani! Kwa watu wanaomtengenezea njia! Mwenyekiti akaja dirishani na matope mpaka magotini. Kaka akateremsha kioo nusu. "Shikamoo," kwa haraka haraka, kama mtu anayelipa nauli.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Shikamoo, mama," maana mama anamzidi. Akaitikiwa. "Zimeni gari mpumzike. Jiwe hili linatoka sasa hivi. Sasa tumelichimbua, limekuwa baya zaidi."

"Nimefunga chuma, mzee."

"Nimesikia. Lakini subiri kidogo."

"Mwanangu, subiri," mama akasema.

Sikio la kufa halisikii dawa. Akatia gia, watu wakaruka pembeni na ndoo zao, gari likapanda, likainamia jiwe, na chuma kikalia *kwaa*, mlio ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Mama alishika fimbo kwa mikono miwili. Gari likajivuta, likakwaruza, likatoka upande wa pili, na kaka akapiga usukani kwa kiganja. "Mmeona? Ndiyo kazi ya chuma hiyo!"

Tukakata kona, tukaanza ule mwinuko mkali. Taa nyekundu ikawaka mbele yake.

"Kaka, hiyo taa ya nini?"

"Sensa tu hiyo, inadanganya."

Injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, ikagonga zaidi, kisha ikanyamaza. Kikaja kimya cha mlimani, ukisikia ndege tu na mama akipumua.

Kaka akajitupa chini ya gari na suruali yake ya mjini. Cha kuona hakikuwepo, zaidi ya mlango wa stoo ya mkonge. Jiwe lilikuwa limekikunja chuma kwenda juu, na kwa kuwa alitaka kibane, kilikuwa kimelisukuma sampo mpaka likapasuka. Oili yote ilikuwa imekaa humo kama mchuzi kwenye sinia, inachuruzika kidogo kidogo kwenye kiungo. Kufungua, hakufunguki. Kingetaka grenda ya kukatia chuma, na umeme, na vyote viko Same. Alikuwa amejikinga dhidi ya wezi, na yeye mwenyewe asiweze kuingia.

Watu walipanda wakitufuata kwa miguu. Walicheka? Walicheka sana, na walikuwa na haki. Kisha wakaacha, kwa sababu walimwona mama. Hakuna aliyetoa hotuba. Mmoja akaenda nyumba ya karibu, akarudi na kitanda cha kamba, wakakifunga miti miwili, kama wanavyowashusha wagonjwa siku zote, ila leo ilikuwa kupanda. Wakamlaza mama juu ya blanketi lake. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, mama akainua fimbo. "Huo hapana! Mimi sijafa. Imbeni wa msaragambo." Wakaangua kicheko, wakaimba wa msaragambo.

Walikuwa watatu kwenye miti. Nafasi ya nne, upande wa kichwa, ilikuwa wazi, na sidhani iliachwa kwa bahati mbaya. Mama akageuza uso. "Mwanangu, shika hapa. Si mbali."

Kaka aliangalia mti, akaangalia gari.

"Mama, tangulia. Nakuja. Siwezi kuliacha gari hivi hivi, wataling'oa vitu."

Aliyasema hayo mbele yao. Wenyewe wamesimama hapo, mabega yao chini ya mama yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ningekuwa na mwiko wangu wa ugali mkononi, ningemtandika nao, na shikamoo ningempa baadaye. Mwenyekiti akaweka bega lake la kizee kwenye ile nafasi ya nne. Mama akaurudisha ufunguo kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno. Tukaondoka.

Nyumbani alikataa mlango kufunguliwa. Akaketi kwenye kitanda cha kamba uani, uso njiani. Majirani walileta kuni, maji, na makande ya moto kwenye bakuli lenye kifuniko, wakakaa naye wakipiga soga kama hawajui anasubiri nini. Jua likazama nyuma ya migomba. Makande yakapoa. Mwishowe akafungua fundo, akanipa ufunguo. "Fungua wewe," akasema. "Umande unaingia."

Kaka alilala ndani ya gari lake, akilinda. Kesho yake fundi alipanda na jenereta na grenda, wakavikata vile vyuma palepale njiani, wakavitupa kwenye majani, gari likavutwa kwa kamba mpaka Same, naye akiwa ndani ameshika usukani. Kutoka lilipozimika mpaka kwa mama ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja. Hakuupanda. Alipiga simu akiwa stendi: amepata dharura kazini, atakuja Krismasi ijayo, mama asijali.

Ile ijayo imekuja ikapita, na nyingine nyuma yake. Vyuma, ambavyo hakuna mwizi aliyevigusa, vilikaa majanini mpaka msaragambo uliofuata. Ndipo watu wakavibeba, wakavilaza juu ya mfereji unaokata barabara chini ya nyumba ya mama, pale ambapo magari yalikuwa yanakwama kila masika. Sasa hayakwami. Kile kikubwa chenye bawaba kiko katikati, na gari lolote likikanyaga kinalia *kwaa*, mlio ule ule.

Mimi hupanda mara kwa mara, tunakaa wote uani tukichambua maharage. Chuma kikilia, mikono ya mama inasimama juu ya ungo, na uso unageuka njiani.

"La kabichi hilo, mama," namwambia.

"Najua," anasema, na haondoi macho mpaka lipite.