Sauti ya Jirani Yangu kwa Kirusi

Mwanamke yule alipofika kwangu Ihanda kwa bodaboda, amepakata kamera na kisimamio chake, nilimtambua kwa paji la uso kabla hajasema ni binti wa nani. Mgomba wa mwisho wa baba yake na mgomba wangu wa kwanza ilikuwa ikigusana majani. Aliniamkia shikamoo kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mbali, akasema anaishi Ulaya, anatengeneza sanaa ya video, na anawatafuta waliomjua marehemu baba yake.

Nikamwekea kahawa ya kutafuna. Huku kwetu mwenye nyumba huchukua punje moja akaitafuna kwanza, mgeni aone kwamba haina sumu. Siku hiyo macho yangu yalikuwa kwenye kamera, nikasahau. Akazitazama punje, akanitazama mimi, na mikono yake ikabaki mapajani. Nikajiambia, huyu anajua.

Wazazi wa baba yake walitoka Rwanda, lakini yeye alizaliwa hapa. Alipelekwa Urusi kusomea kilimo, enzi zile nchi za kijamaa zikiwapokea vijana wetu. Alirudi na redio kubwa na madaftari yenye herufi ambazo hatukuweza kuzisoma. Jioni alikaa uani akiwajibu watangazaji kwa Kirusi, nasi tukicheka. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, barua za kijiji niliziandika mimi. Ukafika wakati wa kuwatafuta wasio raia. Niliandika kwamba jirani yangu si mwenzetu, na kwamba anaongea na redio kwa lugha ya siri. Nilijua si siri, maana alikwishanifundisha kusalimia kwa lugha hiyohiyo. Tulikuwa tumegombania mpaka wa shamba, migomba minne tu. Askari walimpakia garini na mkewe na mtoto wao mdogo, na hakurudi.

Sasa mtoto huyo alikuwa mbele yangu akinieleza kazi yake. Alimrekodi baba yake kabla hajafa, sauti tupu, kwa Kirusi. Kila mzee atakaa mbele ya kamera aisikilize, naye atampiga picha uso tu. Nilimuuliza baba yake anasema nini humo.

"Nikikwambia sasa, mzee, uso wako utajua kabla yako," alisema.

Nikaona huo ni mtego. Nikasema mgongo unaniuma, nikamwacha aende kwa wengine. Aliwarekodi wazee wa huko Ndama, akafika hadi Bugomora. Kila aliyerudi kutoka kwake nilimtafutia sababu ya kumsimamisha njiani, nikamuuliza kama alisikia jina langu. Wote walisema hawakuelewa hata neno. Sikuwaamini.

Mke wangu alinichoka. "Tangu lini wewe ukakimbia kamera? Kwenye harusi za watu unasimama mbele ya bwana harusi."

Nikaenda zangu shambani. Barua ile hata yeye sikuwahi kumwambia.

Siku ya mwisho binti alikuja tena, mizigo yake imeshafungwa, nikakubali kukaa. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ni ya baba yake. Nilisikia ile salamu aliyonifundisha. Kisha Kirusi kingi, na katikati yake Ihanda, halafu jina la kisima chetu. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi nilingoja jina langu. Halikuja, na kungoja kukanishinda.

"Barua niliandika mimi," nikasema.

Hakuzima kamera. "Barua gani, mzee?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakujua lolote. Ningeweza kutaja barua nyingine yoyote, maana niliandika nyingi. Nikamwambia iliyowafukuza, na sababu yake.

"Migomba minne?"

"Minne."

Aliisimamisha sauti ya baba yake. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kilichomo katika ile rekodi. Baba yake anaelekeza njia ya kutoka kisimani hadi nyumbani kwake, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti, ili mtoto asipotee siku akirudi.

"Na kwangu anasemaje?"

"Anasema, hapa geuka kushoto."

Akaongeza kwamba kila walikohamia baba yake alificha Kinyambo, lugha ya huku kwetu, na alificha Kinyarwanda, kutegemea majirani ni akina nani. Kirusi pekee hakukificha. Alimwambia kwamba hiyo ndiyo lugha ambayo hakuna mtu aliyewahi kumfukuza kwa ajili yake.

Ningenyamaza, asingejua kamwe. Lakini Kirusi hichohicho ndicho nilichokiita lugha ya siri baruani, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, nami nikamwambia hilo nalo. Alifunga macho. Kamera iliendelea kuniangalia peke yake.

Aliuliza kama anaweza kuiweka sehemu hiyo kwenye kazi yake. Nilisema aiweke yote, na wa hapa waione.

Nikavuta kikapu cha kahawa, nikachukua punje moja, nikaitafuna mbele yake mpaka ikaisha. Akachukua moja. Hakuitia mdomoni. Aliifunga kwenye karatasi, akaitumbukiza mfukoni, akapanda bodaboda. Mpaka leo sijui kama aliitafuna au aliitupa njiani.