Aliicheka mikono yangu, leo ndiyo inayomuogesha

Assalam alaykum. Admin, jina langu lifiche, ila mtaa waambie ni Mpendae, asojua na ajue. Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na nane, nina presha, na nnakaa na mama wa mume wangu.

Mwaka juzi mikono yangu ililegea. Nikikamua nazi, tui lote linabaki kwenye machicha. Mkwe wangu akawa anayachukua yale machicha mbele ya wageni, anayakamua yeye, tui linachuruzika, anacheka. "Tazameni, mie bibi kizee. Huyu mikono yake ndizi mbivu. Mwanangu kaoa nini?" Mume wangu yupo pale pale, anakula.

Kituo cha afya muuguzi akanipima presha, akanipa na kidude cha kupimia nguvu za mkono nikibane, akatikisa kichwa. Akanambia vidonge nisiache, tena nile mchicha kwa wingi na ninywe juisi ya bitiruti, vile viazi vyekundu, huenda vikasaidia presha na hata nguvu za mikono. Alisema huenda, hakuniahidi. Nikafanya kama alivyonambia.

Sasa bitiruti humtia mtu mkojo mwekundu. Mkwe akauona chooni, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Hakuniuliza. Akenda zake tarawehe, akawatangazia wanawake wenziwe kuwa mke wa mwanawe ana hedhi na anafunga na kusali hivyo hivyo, hana haya. Nikawa nikipita watu wananyamaza. Baada ya Idi mume wangu akaoa mwanamke wa Chukwani, na wali wa nazi wa wageni nikaambiwa nipike mie. Nazi zote nilizikamua peke yangu, tui zito. Siku hiyo hakuna aliyeitazama mikono yangu.

Mkwe naye ana presha. Kusikia yangu imeshuka, akawa anakunywa juisi yangu kwa siri na vidonge vyake anavitupa. Nilipovikuta jaani nikamwambia, "Mama, juisi haishiki nafasi ya dawa." Akanijibu, "Wataka nife mie, we upone?" Haukupita muda akapooza upande mmoja.

Mke mdogo kasema hakuolewa kubeba wazee, karudi kwao Chukwani, na mume wangu kamfuata huko huko. Hupiga simu tu. "Mama keshaoga?" Hilo ndilo analoniuliza, hata hali yangu haulizi.

Basi juzi nnamuogesha, nimemshika makwapani, sakafu ina sabuni. Akanikamata kwa mkono wake mzima, ulimi mzito, akasema, "Usiniachie." Nikamwambia, "Lakini Mama, mikono yangu si ndizi mbivu?" Nikalegeza vidole. Kidogo tu. Akatoa macho, na wallahi nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu niolewe. Kisha nikambana, hakuanguka. Alilia, na mie nikaendelea kumsuuza.

Tangu hapo nnajiogopa. Nikiondoka, atabaki na mwanawe, asiyejua hata kumvua nguo mamake. Nikibaki, ni mie na yeye na ile sabuni. Enyi mnaonisoma, mngekuwa mie mngefanyaje? Nambieni leo, kwani kesho asubuhi anaoga.