Anayeshika Nyuma Hutupa Vyake Kwanza

Mimi ni mtu wa Makwale, kwenye mpunga na kokoa, na nilipoolewa Ikombe sikujua hata kukaa ndani ya mtumbwi. Mama mkwe alinitazama nilivyong'ang'ania kingo kwa mikono miwili, akasema mbele za watu, "Huyu maji yake ni ya magotini." Ufuko mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Tangu utoto sina kifua cha kumeza utani, na siku ile niliapa kwamba watu hao hao ipo siku watanipisha.

Ikombe kwetu barabara hakuna. Mlima uko mgongoni, ziwa liko usoni, na kila kitu, kuanzia chumvi hadi bibi harusi, huja kwa mtumbwi. Wanaume huvua, wanawake tunafinyanga. Vyungu vikishachomwa tunavipanga mtumbwini, vidogo ndani ya vikubwa, tunavishindilia majani makavu, kisha tunapiga kafi hadi Mwaya kwa wenye mpunga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Kyela, ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu, yalijaa sabuni, ndoo za plastiki na sufuria zinazong'aa, mitumba ikauzwa kwa marundo, na kila mjuaji akatutabiria kwamba vyungu ndiyo basi tena. Waache waseme. Mke wa mkulima alinunua sufuria mpya, akaitundika ukutani wageni waione, halafu samaki wake akampika kwenye chungu chetu.

Tulikuwa mitumbwi minne, na haikuachana. Mmoja ukivuja, yote inasubiri. Upepo wa mwera ukivuma tulivuta mitumbwi mchangani, tukapika chungu kimoja, na hakuna aliyeuliza samaki ni wa nani au ndizi ni za nani. Kati yetu alikuwamo mama mmoja Mwislamu mwenye ndugu Karonga, ng'ambo ya mpaka. Yeye hakufinyanga, alibeba vyungu vya wengine na kutuletea vitenge. Mwezi wa Ramadhani sisi watu wa kanisani tulikula ndizi tukimpa mgongo, kama wezi, naye akatucheka: "Kuleni jamani, njaa ni yangu, si yenu!" Krismasi ilipofika ndiye aliyekuja na mchele mwingi kuliko sisi wote. Nimeishi na watu wengi tangu hapo. Wa kuwalinganisha na wale sijawaona.

Tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mtumbwi ukizidiwa na mawimbi, mzigo unatupwa, na anayeshika kafi la nyuma, yaani anayeuongoza mtumbwi, hutupa vyake kwanza, mpaka viishe. Vya wenzake hakiguswi hata kimoja kabla ya hapo. Ndiyo maana wenye kushika nyuma hawakuwa watu wa papara.

Katika mtumbwi wetu tulipanda watatu: wifi yangu mbele, mimi katikati, mama mkwe nyuma. Mwaka mmoja bega la mama mkwe lilikakamaa, mkono ukawa haupandi. Wifi alikuwa na jicho la kusoma maji mbele ambalo hatukuwa tayari kulipoteza. Nikasema, "Nipeni mimi." Msimu mzima nilijifunza karibu na ufuko, maji yakiwa yametulia, mama mkwe akikaa mchangani akipiga kelele kwamba nazungusha mtumbwi kama jiwe la kusagia. Mwishowe akasema, "Haya, shika. Tuone kama ziwa linaijua Makwale."

Safari hiyo yangu ya kwanza kushika nyuma, pale katikati, palikuwa na vyungu vyangu. Vya kwanza kabisa kwenda sokoni. Miaka mingi vilikuwa vinanipasukia tanurini, nalia, naanza upya, mpaka wifi alipovigonga kimoja kimoja kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Hivi watu watanunua." Nilikuwa na hamu moja tu: mwanamke wa Mwaya anyanyue chungu, aulize ni mkono wa nani, na aoneshwe mimi. Siku hiyo ningekuwa mtu wa ziwa, na utani ungekwisha.

Tulitoka alfajiri, ziwa likiwa limelala. Lakini tulipofika mdomo wa mto, pale maji ya mto yanaposukumana na ya ziwa, mwera ulitukuta kabla ya saa zake. Mawimbi yakaanza kuingia ubavuni. Mama mkwe, sasa akiwa katikati, alimwaga maji kwa kopo kwa mkono wake mmoja mzima, yakawa yanaingia mengi kuliko yanayotoka. Wifi akageuka, akapiga kelele, "Mzigo!"

Hakusema wa nani. Mikono yangu ilikuwa kwenye kafi, nisingeweza kuiachia. Mama mkwe aliweka kopo chini, akafukua majani, akafikia vyungu vyangu, akanitazama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema tusubiri kidogo.

"Tupa, mama," nikamwambia.

Akatupa. Vilielea kidogo midomo juu, vikanywa maji, vikazama. Kila kimoja nilikijua. Kilipobaki kile kikubwa, ambacho nilikipaka rangi nyekundu shingoni, alikishika akauliza, "Na hiki?"

"Na hicho."

Mtumbwi ukainuka. Niliuelekeza wimbi kwa wimbi, meno nimeyauma, machozi yananitoka na sijui hata yalikuwa ya hasira au ya uchungu. Ile mitumbwi mingine ilitusubiri kwenye maji mapana. Hakuna aliyetupa pole. Walituhesabu kwa macho, wakaanza kupiga kafi.

Sokoni Mwaya nilitandika mkeka wangu nikakaa. Wenzangu wakaja mmoja mmoja, yule mama wa vitenge naye, kila mtu akaniwekea chungu kimoja mbele yangu ili nisikae bure. Nikavirudisha vyote. Siuzi mkono wa mtu mwingine, na huruma sikuiomba. Wifi alinikasirikia, akaniambia kiburi changu kitanizika. Nikamwambia kinizike tu.

Basi nikakaa na mkeka mtupu katikati ya vyungu vya watu. Akapita mama mmoja mnunuzi, akatusalimia, "Mughonile," akachagua kwa mama mkwe, akachagua kwa wifi, kisha akafika kwangu, akacheka. "Na wewe mwenzangu unauza nini, mkeka?"

Nilifungua mdomo nimjibu vibaya. Mama mkwe akaniwahi.

"Vyake viko ziwani," alisema, wala hakuinua macho kutoka kwenye chungu alichokuwa anakifuta. "Hivyo ulivyobeba, mimi na wifi yake tumevifinyanga. Aliyevileta ni huyu. Ukitaka kushukuru, anza kwake."

Yule mama aliweka vyungu chini, akainama mbele ya mkeka wangu mtupu kama anavyoinamiwa mtu mwenye heshima zake.

"Ndaga fijo, mama," akaniambia.