Maji ya Bafu Yanakwenda Wapi

Mwaka ule mvua zilianza mapema, na bafu letu la mtaa wa Kampemba likaanza kurudisha maji. Ukimwaga ndoo moja, maji yalizunguka tundu la sakafuni, yakasita kidogo, kisha yakapanda tena na utando mweusi juu yake. Harufu haikuwa ya choo tu. Ilifanana na sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyolowekwa na kusahauliwa juma zima, ikachanganyika na sabuni na kitu kingine ambacho sikutaka kukijua.

Sisi tuliolala nyumba kubwa tuliweza kufunga mlango. Nyanya yangu, mama wa mama yangu, hakuweza. Tulimwita Kambo. Chumba chake kilikuwa nyuma, kimejengwa ukuta mmoja na bafu, na harufu iliingia kwake kama mtu wa nyumbani. Akaanza kukohoa. Dimanshi moja, yaani Jumapili, mjomba wangu, mtoto wake wa kwanza, alikuja kutoka mtaa wa Ruashi, akaketi kwenye kitanda cha mama yake na leso puani.

“Mama, hapa hapana,” akasema. “Dimanshi ile inakuya nitakuya kukutwala.”

Kesho yake nilimkuta Kambo anakunja vitenge vyake, kimoja kimoja, na kuvipanga ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki. Nilijua hataki kwenda. Kila alfajiri alitembea kwenda misa pamoja na vikongwe wawili, wajane wa wafanyakazi wa reli kama yeye, wakisema Kiluba njia nzima na kuwasengenya watu wote waliolala. Ruashi alikuwa amekwisha kukaa majuma mawili, nyuma ya geti refu la nyumba mpya ya mjomba, kati ya majirani wasiojua jina lake. Alirudi kwetu akiwa mnyamavu, na ilichukua muda kabla hajaanza tena kututukana vizuri.

Kwa hiyo nilikuwa na siku sita. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nilikuwa naandika barua za kuomba kazi ambazo hazijibiwi, na nilikuwa na tabia ambayo mama aliiita ugonjwa wa kwa nini. Niliamua ugonjwa huo ufanye kazi angalau mara moja.

Jirani wa kushoto alitueleza kwamba kuna mtu mwenye wivu aliyezika kitu ndani ya bomba letu. Nilimuuliza mtu huyo alipitaje kwenye bomba lenye upana wa ngumi. “Weye muntu ya masomo,” akanijibu, “utazeeka na masuali yako.” Mama alileta soda kali ya kuzibulia mabomba kutoka sokoni, tukaimwaga pamoja na maji ya moto. Tundu lilichemka, likatoa moshi, na kesho yake maji yakarudi yakiwa safi kidogo zaidi, hayo tu. Nilitaka kujua soda ile ilikuwa imekwenda kuchoma nini, mahali gani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu kuzaliwa kwangu sikuwahi kuuliza maji ya bafu yanakwenda wapi.

Siku ya Jumanne fundi alikuja na waya mrefu wa chuma. Aliusukuma ndani ya tundu hadi ukagoma, akauzungusha, akautoa. Kisha akasimama katikati ya kiwanja, akatazama saruji laini iliyoenea kutoka ukutani hadi getini.

“Regare iko wapi?” akauliza.

Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo la Kifaransa maana yake ni kutazama. Kwa mafundi wetu ni kishimo chenye kifuniko, kati ya bafu na fose, lile shimo kubwa la maji machafu. Ukifungua regare unaona bomba linavyopita, na unaweza kulizibua. Bila regare, fundi alisema, yeye ni daktari anayetibu tumbo kupitia nguo.

Baba akanyoosha mkono upande wa geti. Mama akanyoosha upande wa mti wa avoka. Fundi akawatazama wote wawili, akakunja waya wake.

“Mukiisha kusikilizana, muniite,” akasema, akaenda zake.

Nikamgeukia baba. “Papa, weye njo ulitia saruji mu kiwanja. Haukuona kifuniko?”

“Niliona bibamba bya beton. Nikawaza ni kazi ya zamani ya muzee.”

“Na haukuuliza?”

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali sokoni. “Niulize nani?”

Mtu wa kuulizwa alikuwa ameketi mlangoni pake, hatua kumi kutoka pale, anachambua majani ya mihogo. Babu, mumewe, ndiye aliyejenga nyumba ile baada ya kustaafu relini. Baba aliingia humo kama mkwe, babu alipofariki, na kwa watu wetu wa kaskazini mkwe na mama mkwe hawachezi. Baba hakuwahi kula mbele ya Kambo. Akitaka kupita nyuma ya nyumba alikohoa kwanza, na Kambo aligeuza kiti chake kuelekea ukutani mpaka apite. Waliishi hivyo kiwanja kimoja, mwaka baada ya mwaka. Kumuuliza mama mkwe habari za shimo la choo lilikuwa jambo ambalo mdomo wa baba usingeweza kulitamka.

Wangu uliweza. Mjukuu ana ruhusa yote. Kambo aliniita bwana yake tangu nikiwa mtoto, akinilaumu kwamba simnunulii viatu.

Nilikwenda nikachuchumaa karibu na beseni lake. “Kambo, fose iko wapi?”

“Bwana gani weye? Hata nyumba yako hauijue.”

“Na regare?”

“Ile jicho? Iko palepale muzee aliiweka. Papa yako alifunika na saruji.”

“Ulimuona?”

“Nilikuwa hapa, na hii kiti. Nilimuona anamwanga, anasawanisha, anaimba.”

“Na ukanyamaza?”

“Ningesema namna gani? Nimuite mukwe wangu, nimuambie, baba, unafunika mavi yangu?”

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini hakumtuma mama. Mama alikuwa sokoni, akasema, na aliporudi saruji ilikuwa inakauka na mume wake ana furaha. Ni nani angewaharibia siku ile? Nilikuwa tayari kumwambia kwamba heshima ya namna hiyo ni upuuzi, kwamba watu wazima wawili wameziba nyumba yao kwa adabu. Alinitangulia.

“Miaka yote tunakaa kiwanja kimoja na ule muntu,” akasema, “tuliishagombana? Hapana. Weye na ile kopine yako, mulimaliza myezi ngapi?”

Kopine, mpenzi wangu, alikuwa amekwisha kuniacha. Nikaokota majani ya mihogo, nikamsaidia kuchambua.

Akanipa kipimo: kutoka pembe ya chumba chake, hatua saba kuelekea mti wa avoka. Jumatano asubuhi nilihesabu hatua saba, nikachukua nyundo na patasi, nikaanza kupasua saruji ambayo baba alikuwa akiifagia mwenyewe kila Jumamosi. Alisimama karibu, mikono nyuma. Kufikia saa sita nilikuwa na shimo la upana wa karai, na ndani yake udongo mwekundu mtupu.

“Acha,” baba akasema. “Utamaliza kiwanja kizima.”

“Nitakimaliza,” nikamwambia. “Kama si hapa ni pengine. Maji hayaendi mbinguni.”

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kambo alitoka akiwa na fimbo yake, na baba yupo palepale. Baba akageuka haraka kuutazama ukuta wa jirani. Kambo naye akaugeuzia uso mti wa avoka, na mimi nikabaki katikati na patasi.

“Bwana yangu,” akasema kwa sauti ya kutosha watu wawili, “muzee alikuwa na miguu murefu. Hatua yake si hii yako ya kuku.”

Baba akauambia ukuta: “Uliza kama bomba inapita kuume ao kushoto ya avoka.”

“Kambo, anauliza...”

“Nimesikia. Mwambie avoka niliipanda nyuma ya fose, kusudi ikule vizuri. Bomba inaenda moja kwa moja kwake.”

Nadhani baba alikuwa anafikiria maparachichi yote aliyokula. Kisha akavua shati, akaja akachukua nyundo mkononi mwangu, akarudi kwenye pembe ya chumba, akahesabu hatua saba ndefu kama mtu anayevuka mtaro, akapiga chini. Mlio ulikuwa mzito. Akasogea mbele, akapiga tena. Safari hii sakafu ilijibu kama ngoma.

Tulipasua kwa zamu hadi alasiri. Chini ya saruji ya baba kulikuwa na kibamba cha zege cha babu, na chini ya kibamba kulikuwa na kila kitu tulichowahi kukana kwamba tumekimwaga. Ukoko wa bukari ulioganda kama matofali, mafuta meupe, nywele, kitambaa cha kudekia, na kupitia katikati ya vyote, mizizi ya avoka iliyoingia kwenye kiungo cha bomba na kusuka kikapu. Mwenye wivu tuliyeambiwa habari zake alikuwa mti tunaoumwagilia maji.

Kazi ya kutoa ilichukua siku mbili. Nilivaa mabuti ya mvua ya baba, nikajaza ndoo, tukachimba shimo mbali na kuta, tukafukia kwa majivu na udongo. Nilitapika mara moja nikaendelea. Ijumaa fundi akarudi, akakata mizizi, akaunga bomba upya, akamwaga ndoo ya maji bafuni. Tuliinama wote kwenye regare. Maji yalipita mbele yetu, yakaenda.

Jumamosi baba alimwaga kifuniko kipya. Aliniita pembeni. “Uliza kama bikono ya chuma iwe mbili ao moja.” Nikaenda, nikarudi. Vikono viwili, Kambo alisema, na viwe nje, mtu aone. Baba akaviweka viwili.

Dimanshi mjomba alifika na gari limeoshwa. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akamwaga ndoo yeye mwenyewe, akasimama akinusa bila leso. Alipoingia chumbani kwa mama yake alikuta mfuko wa plastiki umekunjwa mtupu chini ya kitanda.

“Mama, gari iko pa geti,” akasema, bila nguvu sana.

“Nimeiona. Iko muzuri,” Kambo akamjibu. “Ukitaka kunitwala, ngoja fose ijae tena.”

Baba alikuwa nje ya mlango, uso wake ukutani. Aliniambia nimwambie Kambo kwamba haitajaa.