Kibao cha Cygne

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kivu ya Kusini, na kulikuwa na jina moja alilolipenda kupita kiasi. Wakati wa kiangazi, tukimaliza kula, alitutoa uani akatuonyesha upande wa kaskazini nyota tano zilizopangika kama msalaba. "Ile ni Cygne," alisema. Ni jina la Kifaransa la ndege mweupe wa Ulaya mwenye shingo ndefu. Baba mwenyewe hakuwahi kumwona. Mtumbwi wake aliuita Cygne. Mbwa wetu, mweusi tititi, naye Cygne. Mama alimcheka, akasema mtoto wa tatu akizaliwa hatutahangaika kumtafutia jina.

Mtoto wa tatu hakuzaliwa. Vita vilituchukulia wazazi, na katika kukimbia nikapotezana na yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu mkubwa. Ndiye pekee niliyekuwa nimebaki naye.

Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, nilikuta desturi. Mtu akifungua duka, huandika juu ya mlango jina la kijiji chake au la mto wa kwao, ili ndugu aliyepotea akipita alisome. Majina yetu wenyewe hayasaidii. Huku mimi naitwa Mama fulani, kwa jina la mwanangu, ambaye yaya hamjui. Basi duka langu la chumvi na sambaza, dagaa wa kwetu, pale mtaa wa Misiera kambini, niliandika CYGNE kwa rangi ya buluu, na nyota tano chini yake.

Miaka ikapita. Waliosimama mbele ya kibao walikuwa wateja wa kuuliza maana yake tu. Mwanzoni nilijibu vizuri, baadaye vibaya, mwishowe sikujibu kabisa. Krismasi moja, kila jirani akiwa na watu wake na mimi nakula wali na mtoto mmoja, nilichukua brashi nikafuta lile jina kwa hasira. Nikaandika BWANA ATATOA, kama vibao vya majirani zangu watatu. Usiku ule nililala usingizi mzuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda mjini Mbarara kununua bidhaa. Nilivuka mto Rwizi hadi mtaa wa Nyamitanga, na juu ya karakana ya seremala nikaona: CYGNE. Buluu. Nyota tano. Nikaingia kuuliza ni nani aliyeandika. Mwenye karakana, mke wa askari wa kambi ya jeshi, alinivutia kiti.

"Ile jina aliandika fundi wangu, Mukongo," akasema. "Alisikia kuko duka ya hiyo jina Nakivale. Pasaka akaenda kuangalia."

"Akaona nini?"

"Hakuna. Alifika siku ya kugawa posho, maduka yote imefungwa, watu wako kwa laini. Akasoma vibao yote moja moja. Akarudi hapa akalia sana, mama. Akasema sasa dada yake alikufa."

"Alienda fasi gani?"

"Hakusema ni wapi. Alibeba vyombo vyake ya kazi, akaenda."

Nilirudi Misiera nikaikwangua BWANA ATATOA kwa kisu. Sasa CYGNE imerudi, herufi kubwa kuliko zamani, na kila kiangazi naipaka rangi upya. Jioni nyota zenyewe hutokea juu ya bati, nami huzitazama peke yangu. Yaya hanitafuti tena. Alisimama mlangoni kwangu, akasoma, akapita. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia kwamba nimekufa.