Kualikwa kwa Mdomo

Mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu, mzee wa Kiingereza mwenye roho nzuri, alibandika matangazo kila mahali: ndani ya lifti, mlangoni pa chumba cha kufulia, hadi kwenye miti ya bustani. Siku ya Mtaa, Jumamosi, wote mnakaribishwa. Nikamwambia, "Mzee, watu wetu hawatakuja." Akacheka, akasema karatasi zina rangi za kung'aa, hakuna asiyeziona. Kuziona wameziona, baba. Lakini karatasi itamwalika nani?

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu ni kulea wazee majumbani kwao hapa Thamesmead. Majirani zangu ni Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Goma, na Wazanzibari wawili watatu. Hata wali kila mtu anapika kivyake na kumcheka mwenzake. Ila kwa jambo moja tunafanana: shughuli usiyoalikwa huendi. Sharti mtu aje mlangoni, apige hodi, aseme njoo na watoto. Asipokuja, unakaa ndani, unachungulia dirishani na unanuna.

Na Jumamosi ile haikuwa ya mchezo. Ofisi inayosimamia nyumba zetu ilikitaka chumba kidogo cha nyuma ya ukumbi ikifanye stoo. Chumba hicho ndicho cha chai ya Alhamisi, na chai ya Alhamisi ni ya Bibi. Bibi ni wa Unguja, mjane, anakaa peke yake ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu. Wanawe wako mbali. Wiki nzima anasikiliza redio tu, ila Alhamisi anashuka na birika lake na kaimati, anatusema mmoja mmoja, anacheka mpaka machozi, anarudi kwake mtu mwingine kabisa. Meneja wa ofisi hiyo alisema atapita Jumamosi mchana aone kama chumba kina watu. Akikikuta kitupu, analeta rafu zake. Bibi alipopewa habari alisema, "Basi nitakunywa chai na ukuta." Nilikasirika nikashindwa hata kula.

Jumamosi ikafika, jua kali, la kuwafanya Waingereza wavue mashati. Nje watoto walikuwa wanaruka kwenye jumba la plastiki lililojazwa upepo, na foleni ya aiskrimu imefika barabarani. Ndani ya chumba chetu tulikuwa wawili: mimi na nesi mmoja Mkenya, na masinia ya mandazi, na viti vitupu vimetukodolea macho.

"Dada," nesi akasema, "haya mandazi tutakula mpaka Krismasi."

Nikatoka nje nikatazama juu. Jamani! Kila dirisha pazia linacheza. Watu wako ndani, wamevaa, wanachungulia! Nikawaka. Nikajifunga khanga kiunoni, nikamwambia nesi, "Chemsha maji. Leo watanitambua."

Lifti ilikuwa imegoma, kama kawaida yake, nikapanda ngazi. Mlango wa kwanza akafungua mama wa Kikongo, hereni masikioni, viatu miguuni.

"Tuko tunangoja," akasema.

"Mnangoja nini?"

"Mutu atuambie."

"Haya, mtu ndiye mimi! Nimekuja kwa miguu yangu kukualika. Karibu chai, na watoto, na mzee, usiniangushe."

Akaita watu wake, wakatoka kama maji. Mlango wa pili baba mmoja wa Nakuru akaniambia tangazo aliliona, hakujua kama linamhusu. Wa tatu akasema amekesha kazini, anataka kulala. Nikamwambia atalala kesho. Nilipanda, nikagonga, nikaalika, miguu inawaka moto, sauti inakauka, na nyuma yangu ngazi zimejaa vicheko na manukato. Ghorofa ya juu kabisa sikufika. Kule anakaa Bibi peke yake, na Bibi ndiye mwenye shughuli. Nilijua anamalizia kaimati zake.

Meneja alipokuja, mwanamke kijana mwenye miwani ya jua kichwani, alikosa hata pa kupita. Akatabasamu, akapokea andazi. Kisha akauliza, "Na yule bibi mwenye chai yake yuko wapi? Nimesikia habari zake, nataka kuzungumza naye kabla sijaamua."

Nikamtazama nesi. Nesi akanitazama.

"Si ulimpitia?" akaninong'oneza.

Mungu wangu. Nilipanda zile ngazi sijui kwa nguvu za nani.

Nilimkuta Bibi amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa buibui lake jipya, birika amelifunga taulo, bakuli la kaimati liko mapajani.

"Bibi! Watu wamejaa chini, wewe umekaa huku?"

"Nimekaa."

"Si ushuke!"

"Nimekusikia ukigonga kwa wote," akasema taratibu. "Nikasema, sasa anakuja kwangu. Nikavaa. Kisha nikasikia unateremka."

"Lakini Bibi, shughuli ni yako!"

"Nani kaniambia?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu, nchi hii hospitali inaniita kwa karatasi. Benki kwa karatasi. Hata mwanangu wa kumzaa ananiita kwa simu ya kuandika. Wa kuniita kwa mdomo mmebaki nyinyi tu."

Niliona aibu, na ile hasira yote ya asubuhi ikanigeukia mwenyewe. Nilitoka, nikavuta mlango, nikagonga upya.

"Hodi, hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimetumwa na majirani zako wote. Tunakualika chai. Bila wewe hainyweki."

"Nimesikia. Nitakuja, inshallah."

Akaendelea kukaa.

"Bibi, sasa hivi!"

"Haya, usinipigie kelele. Shika birika."

Alipoingia, chumba kizima kilisimama. Meneja naye akasimama, hajui kwa nini. Bibi akamimina chai, akampa yeye wa kwanza, kisha akaniinamia sikioni.

"Huyu naye kaalikwa na nani?"

"Hakuna aliyemwalika, Bibi. Amekuja kutukagua."

"Maskini." Akamshika mkono yule mwanamke, asiuachie. "Mwambie Alhamisi aje. Mwambie nimemwalika mimi."

Nikamfasiria. Meneja akateremsha miwani kutoka kichwani, akaikunja.

Alhamisi alikuja. Rafu hazikuja.