Mstari Ambao Baba Kevo Aliuficha

Admin, nifiche kabisa, hata mtaa usiutaje. Mashemeji zangu wanasoma hii page na wanajua vile mimi huongea.

Niko na miaka thelathini na tatu, nauza miche ya parachichi hapa Kitale. Watoto ni wawili, Kevin na Sharon, na wa tatu ako njiani, miezi saba sasa. Mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa hapa hapa Trans-Nzoia. Bwanangu ni Mbukusu wa Myanga, anafanya kazi Bungoma mjini na huja nyumbani wikendi. Ama niseme alikuwa anakuja. Mwaka huu ati alianza masomo ya kutengeneza tovuti, kila Jumamosi mchana kutwa, sasa namuona Jumapili tu, tena ameshika simu.

Mimi nilishuku hayo masomo, siwafichi. Nikamwambia, "Baba Kevo, kama kweli unasoma, nionyeshe kitu umetengeneza." Akacheka, akanitumia linki. Kumbe kweli! Ukurasa wake wa kwanza, ule kila mwanafunzi hutengeneza: jina lake juu kwa maandishi makubwa, picha yake, halafu orodha, "Watoto wangu: Kevin, Sharon." Aki nilijiskia vibaya kumshuku. Nikaona hata mimi nijifunze, niweke miche yangu mtandaoni.

Nikapata mwalimu hapa Kitale, msichana mpole. Siku ya kwanza akatufundisha kwamba kila ukurasa uko na maandishi ya nyuma, yale yanaambia kompyuta ionyeshe nini. Na ukiweka mstari katikati ya alama fulani, hautaonekana kwa ukurasa, lakini kwa yale maandishi ya nyuma bado uko. Akasema, "Wanaoanza hudhani wamefuta, kumbe wamefunika tu. Mtu yeyote akifungua nyuma anasoma." Akatuambia tufungue ukurasa wowote tuangalie vile umeandikwa. Mimi nikafungua wa bwanangu, nikitaka kuona vile alipanga orodha yake.

Kevin. Sharon. Halafu mstari wa tatu, umefunikwa na zile alama: Nasimiyu.

Ngai! Nilisoma mara nne. Nasimiyu ni jina la marehemu mama mkwe wangu.

Sasa mnielewe. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya bwana, hata kama huyo mama ako hai na anapika chai hapo. Sharon alipozaliwa nilitaka aitwe Nasimiyu. Baba Kevo akakataa katakata. "Kwetu hatuiti mtoto jina la mtu anaishi. Unataka kumfukuza mama?" Nikaheshimu. Mama tulimzika miaka miwili iliyopita. Kwa hivyo kama kuna mtoto wa Baba Kevo anaitwa Nasimiyu, huyo mtoto amezaliwa baada ya mazishi. Na mimi sijazaa tangu hapo.

Nikajituliza. Nikasema labda ni huyu wa tumboni, labda ananipangia jambo zuri kimya kimya. Skani ilionyesha ni msichana na yeye anajua. Jumapili nikamjaribu nikimwekea ugali. "Baba Kevo, sasa mama amepumzika, si huyu tumuite Nasimiyu?"

Hakuinua macho. "Huyu tafuta jina upande wenu."

"Kwa nini? Si ni mama yako?"

"Mama Kevo, si nimesema? Wachana na hiyo mambo bana."

Sikumwambia nimeona nini. Nilimuuliza tu, kama mtu wa masomo, "Hivi, ukitaka kuficha mstari kwa ukurasa unafanyaje?" Akaniangalia vizuri siku hiyo. Akauliza nani ananifundisha, akauliza nimefika wapi, akasema mambo ya kompyuta yatanichosha na hii mimba nipumzike kwanza. Kesho yake asubuhi, akishaenda Bungoma, nikafungua ule ukurasa tena. Mstari haukuwa. Safari hii alikuwa ameufuta kabisa.

Lakini ile siku ya kwanza nilikuwa nimeupiga picha na simu. Iko hapa, naiangalia nikiwaandikia.

Nimechoka kuhesabu miezi kwa vidole. Dada yangu anasema niende Bungoma Jumamosi bila kumwambia, nione kama anatoka kwa hayo masomo peke yake. Rafiki yangu anasema labda ni zoezi tu, alikosa kitu cha tatu cha kujaza akaandika jina la mama yake. Sasa mbona alikimbia kulifuta? Na kama hakuna Nasimiyu mwingine, mbona wangu ananyimwa hilo jina?

Wenzangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niende Bungoma na hii tumbo, ama ningoje nizae, nimpe mtoto mikononi nimwambie anaitwa Nasimiyu, halafu niangalie tu uso wake?